GB 300 ndani ya sekunde mbili: uchambuzi wa kisa cha GitLab, Januari 31, 2017

Amri iliyofuta hifadhidata ya GitLab.com ilifanya kazi kwa sekunde moja au mbili tu. Ilikuwa Jumanne, Januari 31, 2017, yapata saa 23:27 kwa saa za UTC, yaani saa 8:27 usiku wa kuamkia Jumatano kwa Afrika Mashariki. Mhandisi aliyeiandika aliamini yuko kwenye seva ya akiba, db2.cluster.gitlab.com. Kumbe alikuwa kwenye db1.cluster.gitlab.com, seva kuu iliyokuwa ikihudumia wateja wote. Alipozinduka na kuikatiza, kati ya takriban GB 300 za data zilikuwa zimebaki kama GB 4.5.

Watu hufuta faili kwa bahati mbaya kila siku. Kisa hiki kina thamani ya pekee kwa sababu GitLab wenyewe walikianika. Walifungua hati ya pamoja ambayo yeyote aliweza kuisoma, wakairusha kazi ya urejeshaji moja kwa moja kupitia YouTube, kisha wakatoa ripoti ndefu isiyomtaja mhandisi kwa jina. Wengi wanaokisimulia huishia kwenye amri ya `rm -rf`, inayofuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza, na mkono uliochoka. Tunaona huko ni kukisoma nusu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na usiku ule karibu kila chombo kilichopaswa kupiga kelele kilinyamaza. Anayelinda faili zake, ziwe za kampuni au picha za harusi kwenye kompyuta mpakato, anapaswa kuufuatilia ukimya huo kwanza, kabla ya kuulaumu mkono.

Jioni ile

GitLab.com ni huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu na kuufanyia kazi kwa pamoja. Wakati huo iliendeshwa kwenye Azure ya Microsoft. Hazina za Git, yaani msimbo wenyewe, zilikaa kwenye seva za faili. Akaunti, miradi, maoni na taarifa za hitilafu vilikaa kwenye hifadhidata moja ya PostgreSQL 9.6. Seva ya db1 ilipokea kila kitu, na db2 ilinakili mabadiliko yake ili ichukue nafasi siku db1 itakapoanguka. Haikuwa na kazi nyingine.

Saa 17:20 UTC mhandisi alichukua picha ya diski ya db1, yaani nakala ya hali yake ya dakika hiyo, kwa kutumia LVM (mfumo wa Linux wa kusimamia diski) na kuipakia kwenye mazingira ya majaribio. Alikuwa akijaribu pgpool-II, programu ya kugawa mzigo kati ya seva za hifadhidata, na alihitaji data za karibuni kuliko zile za picha inayojichukua yenyewe kila baada ya saa 24. Hakuna aliyeiita kazi hiyo nakala rudufu. Ikumbuke saa hiyo, 17:20.

Kuanzia saa 19:00 mzigo kwenye hifadhidata ulipanda. Watumaji taka walishukiwa. Baadaye ilibainika kuwa sehemu ya mzigo ilitokana na kazi iliyokuwa ikiendeshwa chinichini kufuta akaunti ya mfanyakazi wa GitLab pamoja na data zake zote, baada ya mtu kuiripoti kwa hila kuwa inatumiwa vibaya. Ufutaji mmoja usiostahili ukawa unaandaa njia ya mwingine.

Yapata saa 23:00 db2 ikaachwa nyuma, kisha ikashindwa kabisa kufuata. Sababu yake inawakuta wengi wanaoendesha PostgreSQL, kwa hiyo tuieleze. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili za WAL, kila kipande kikiwa na MB 16. Seva kuu hutunza vipande vichache vya nyuma, idadi inayopangwa na `wal_keep_segments` katika matoleo ya wakati ule, kisha huvitumia upya. Seva ya akiba ikichelewa kupita kiasi hicho, kipande inachokihitaji kinakuwa hakipo tena, na haina pa kuendelea. Kama vipande vingekuwa vinapelekwa kwenye ghala la nje kwa `archive_command`, db2 ingevichukua huko. Utaratibu huo haukuwa umewashwa. Ikabaki njia moja tu: kufuta data zote za db2 na kuinakili db1 upya kwa `pg_basebackup`.

Data za db2 zikafutwa. Tangu dakika hiyo GitLab.com ilikuwa na hifadhidata moja tu iliyo hai.

Kisha `pg_basebackup` ikagoma. Mara ya kwanza ililalamika kwamba `max_wal_senders` ya db1, yaani idadi ya miunganisho ya kunakili inayoruhusiwa, ni ndogo, nayo ikapandishwa kutoka 3 hadi 32. PostgreSQL ikakataa kuwaka kwa kuomba semafori (vibali vya kugawana rasilimali) nyingi kuliko mfumo endeshi ulivyoruhusu, maana `max_connections` ilikuwa 8000. Ikashushwa hadi 2000, ikawaka. Amri ikarudiwa, na safari hii haikulalamika wala kusema lolote. Ilikaa tu, skrini tupu.

Huu ndio ukimya wa kwanza, na ndio uliozaa kosa. `pg_basebackup` ilikuwa inasubiri seva kuu ianze kutuma data. Ni tabia yake ya kawaida, na mhandisi mwingine ambaye hakuwepo usiku ule alilijua hilo. Halikuwa limeandikwa kwenye mwongozo wao wa kazi. Kwa anayekutana na hali hiyo leo: ongeza `--checkpoint=fast`, ambayo huilazimisha seva kuu kufanya mara moja kazi ya kuhitimisha maandishi yake kwenye diski badala ya kuifanya polepole, na `--progress` ili uone asilimia zikisogea. Data zikianza tu kutiririka, utaona.

Mhandisi, ambaye alikuwa anakaribia kufunga kazi ya siku kabla tatizo halijazuka, akatafuta maelezo ya ukimya ule. `pg_basebackup` hukataa folda isiyo tupu. Huenda majaribio ya awali yaliacha mabaki humo. Basi aisafishe folda ya data ya db2 na kuanza upya. Fikra hiyo ina mantiki. Dirisha la amri lililokuwa mbele yake ndilo lilikuwa la db1.

Kinga ambazo zingetosha

Chukua kwanza kiashiria cha amri, maandishi yanayotangulia pale unapoandika amri. Kwenye seva nyingi za Linux huonyesha jina fupi la mashine, lile linaloishia kwenye nukta ya kwanza. Hapo db1 na db2 zinatofautiana kwa tarakimu moja, na jicho la mtu wa usiku halisomi tarakimu, linasoma umbo. Dawa ni rangi. Weka mstari huu kwenye `.bashrc` ya seva kuu:

`PS1='\[\e[41m\]\u@\H:\w\$\[\e[0m\] '`

Alama `\H` hutoa jina zima, na 41 ni mandharinyuma mekundu. Seva za majaribio zipe 43, ambayo ni njano. GitLab nao, baada ya tukio, walichukua hatua ya namna hii.

Kinga ya pili ilikuwa imelala ndani ya folda yenyewe. PostgreSQL inapofanya kazi huweka faili ya `postmaster.pid` kwenye folda ya data, na ikizimwa vizuri huiondoa. Seva ya akiba inayoandaliwa upya lazima iwe imezimwa, kwa hiyo faili hiyo haipaswi kuwepo. Kwenye db1 ilikuwepo. Sharti fupi la `test ! -e postmaster.pid &&` mbele ya amri ya kufuta lingeikatalia. Ukitaka uhakika zaidi, iulize hifadhidata yenyewe: `SELECT pg_is_in_recovery();` hujibu `t` kwenye seva ya akiba na `f` kwenye seva kuu. Swali hili linapita jina, linauliza kazi ya mashine, na kwa hiyo ndilo tunaloliamini kuliko yote.

Kinga kubwa zaidi ni kutofuta kabisa. Badala ya `rm -rf data`, andika `mv data data.ya-kufutwa`. Ndani ya mfumo mmoja wa faili, `mv` hubadilisha jina tu. Huisha papo hapo hata folda ikiwa na GB 300. Ingetendwa hivyo kwenye db1, PostgreSQL ingeyumba na pengine kuzima, lakini kulirudisha jina la zamani na kuwasha upya ni kazi ya dakika chache. Kipingamizi cha haki ni nafasi: ukiweka pembeni GB 300 na kunakili GB 300 nyingine unahitaji diski ya GB 600. Ni kweli, na ndiyo sababu watu hukimbilia `rm`. Hata hivyo, bei ya diski ya ziada kwa siku 2 haiwezi kulinganishwa na kilichofuata.

Kuna kinga moja isiyosaidia ambayo bado inafundishwa: kuweka `alias rm='rm -i'`. Mtu akiandika `rm -rf`, ile `-f` inayokuja baadaye huishinda `-i`, na swali la kuthibitisha halitokei. Zaidi ya hapo, inamzoesha mtu kujibu ndiyo mara arobaini kwa siku bila kusoma.

Nakala rudufu ambazo hazikuwepo

Kwenye karatasi GitLab walikuwa na ulinzi wa kutosha. Walikuwa na nakala ya kila siku ya `pg_dump`, chombo cha PostgreSQL cha kutoa data zote kwenye faili, iliyopelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Amazon S3, picha za LVM kila saa 24, picha za diski za Azure, na db2 yenyewe.

db2 ilikuwa tupu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiandaliwa. Hata ingekuwa nzima, tuseme wazi: seva pacha si nakala rudufu. Inakulinda mashine ikifa. Mtu akifuta jedwali kwa amri ya SQL, pacha hulifuta nayo baada ya sekunde chache, kwa uaminifu kamili. Ni hivyo hivyo kwa folda za kompyuta zinazolandanishwa na mtandao: ukifuta hapa, kunafutwa na kule, na kinachokuokoa ni pipa la taka la huduma hiyo na muda wake wa kutunza, ambao unapaswa kuujua kabla ya siku ya msiba.

Picha za Azure zilikuwa zimewashwa kwa seva za faili, si kwa seva za hifadhidata.

Walipofungua hifadhi ya S3 kutafuta `pg_dump` ya karibuni, waliikuta tupu. Sababu inastahili kusomwa polepole. Kanuni ni kwamba `pg_dump` ya toleo la zamani haiwezi kunakili kutoka seva ya toleo kuu jipya zaidi; hukatisha kazi na kutoa kosa. Kifurushi cha GitLab kilichagua toleo la `pg_dump` kwa kuangalia faili ya `PG_VERSION` kwenye folda ya data. Lakini kazi ya kunakili iliendeshwa kwenye seva ya programu, isiyo na folda ya data ya PostgreSQL. Kwa kuwa hakikuiona faili hiyo, kilichukua toleo la msingi, 9.2. Hifadhidata ilikuwa 9.6. Kila jaribio liliangukia hapo.

Na kosa lilitangazwa! Cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, ilituma baruapepe kila kazi iliposhindwa. Baruapepe hizo hazikuwa zimetiwa saini inayotakiwa na DMARC, kanuni ya kuthibitisha mtumaji wa baruapepe, hivyo seva ya upokeaji ikazikataa. Hakuna binadamu aliyeziona.

Tunadhani hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Mfumo wa kengele ulijengwa kwa dhana kwamba kisiposikika kitu, mambo ni salama. Kwa nakala rudufu dhana igeuzwe: kukosa habari ndiyo kengele. Kila nakala inayokamilika itume ishara kwenye chombo kilicho nje ya seva hiyo, na chombo hicho kilie endapo saa 26 zitapita bila ishara. Tunasema 26 badala ya 24 ili kazi iliyochelewa kidogo isiamshe watu bure. Ishara yenyewe itumwe baada ya ukaguzi, si baada ya amri kumalizika: faili ipo upande wa pili, ukubwa wake haujashuka zaidi ya kiasi ulichozoea, na `pg_restore -l` inaweza kusoma orodha ya vilivyomo ikiwa ulinakili kwa muundo wa `-Fc`. Ukaguzi huo wote ni mistari michache ya skripti.

Hata hivyo, kusomeka kwa orodha hakuthibitishi kurejesheka. Angalau mara moja kwa wiki rejesha nakala kwenye mashine nyingine, hesabu safu za jedwali moja kubwa, na uandike muda uliotumika. Ripoti ya GitLab ilipojiuliza kwa nini utaratibu wa nakala haukuwahi kujaribiwa, jibu lao lilikuwa kwamba hakukuwa na mtu mwenye dhamana nao. Kazi ya wote haikuwa ya yeyote.

Kwa nini faili hazikufufuliwa moja kwa moja

Swali hili huulizwa na kila anayesikia kisa kwa mara ya kwanza, nalo lina jibu linalofaa hata nyumbani.

Kwenye Linux, `rm` huondoa jina la faili kwenye folda. Data zenyewe huachiliwa pale tu ambapo hakuna programu iliyoifungua faili hiyo. Kwa hiyo, ukifuta faili ambayo programu bado inaitumia, usiizime programu hiyo. `lsof +L1` itakuonyesha faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa, na unaweza kuinakili kwa `cp /proc/NAMBA-YA-PROGRAMU/fd/NAMBA-YA-FAILI /diski-nyingine/faili`. Kwa faili moja ya logi au video njia hii hufanya maajabu. Kwa hifadhidata haitoshi: faili ni maelfu, zilizo wazi ni baadhi tu, na zote zinapaswa kulingana kwa wakati mmoja.

Zikishaachiliwa, hubaki programu za kuchokonoa diski. PhotoRec hutafuta faili kwa alama za mwanzo. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Majina na folda hupotea, picha hurudi. Faili za majedwali ya PostgreSQL hazina alama kama hiyo, na majina yake ni namba tupu. Hata vipande vikipatikana, hakuna anayejua kipi ni cha wapi.

Kwa faili za kawaida nafasi ni nzuri zaidi, mradi usiandike chochote kwenye diski ile. Kama faili ilifutwa kwenye flashi au kadi ya kamera, ichomoe mara moja. Kumbuka kwamba kwenye Windows kilichofutwa kwenye flashi au folda ya mtandao hakipiti kwenye pipa la taka, wala kilichofutwa kwa Shift+Delete. Chukua kwanza picha ya diski nzima: `ddrescue -d /dev/sdb picha.img picha.map`, ukihakikisha kwa `lsblk` kuwa `sdb` ndiyo yenyewe, kisha fanya uchunguzi wote kwenye `picha.img`. Wengi hupoteza faili zao hapa: wanapakua programu ya uokoaji na kuisakinisha kwenye diski ileile waliyofuta, nayo inakalia nafasi ya kile wanachokitafuta. Windows 10 toleo la 2004 na yaliyofuata yana Windows File Recovery; amri ya `winfr C: E: /regular /n \Users\Asha\Documents\` husoma C na kuweka matokeo E, na inakataa ukiweka herufi moja pande zote mbili.

Diski za SSD za ndani ni habari nyingine. Windows hutuma amri ya TRIM, inayoiambia diski kuwa nafasi hiyo haitumiki tena, faili inapofutwa, na Ubuntu huituma kwa mkupuo mara moja kwa wiki. Baada ya hapo diski kwa kawaida hurudisha sufuri tupu, na hakuna programu ya kuzigeuza. Kwenye mashine ya Linux unaweza kuiwahi kwa `systemctl stop fstrim.timer`. Kwenye Windows, zima kompyuta upesi na usiwe na matumaini makubwa.

Urejeshaji

Vilibaki vitu viwili: picha ya LVM ya utaratibu wa kila saa 24, na ile ya saa 17:20 iliyochukuliwa kwa mkono kwa ajili ya pgpool. Ya pili ilikuwa na umri wa takriban saa 6. Ndiyo iliyotumika. Lau mhandisi hangeitaka data mpya kwa majaribio yake, hasara ingeweza kukaribia siku nzima.

Kuipata data ni jambo moja, kuirudisha ni lingine. Mashine za majaribio zilikuwa kwenye diski za bei nafuu zilizobanwa kwenye kasi ya karibu megabiti 60 kwa sekunde. Piga hesabu: GB 300 ni megabiti 2,400,000; gawanya kwa 60, unapata sekunde 40,000, zaidi ya saa 11, hata kama hakuna kinachokwama. Kazi nzima ilichukua takriban saa 18, na GitLab.com ilirudi hewani jioni ya Februari 1. Hesabu ya namna hii kila mwenye nakala rudufu aifanye leo kwa diski zake na intaneti yake. Nakala ya TB 1 iliyo mawinguni, kwa kifurushi kinachotoa megabiti 10 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya siku 9 kushuka. Diski ya nje yenye nakala hiyohiyo, iliyo kabatini, inamaliza ndani ya saa chache.

Kabla ya kufungua milango waliongeza 100,000 kwenye namba za mfuatano za majedwali. Katika saa zile 6 na ushee zilizopotea, namba za miradi na maoni zilikuwa zimeshatolewa na kuonekana nje, kwenye viungo na kwenye mifumo ya wateja. Bila ruko hilo, kitu kipya kingepewa namba ya kitu kilichopotea, na kiungo cha jana kingemfikisha mtu kwenye mradi wa mwingine.

Makadirio yao ya hasara yalikuwa miradi kama 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Hazina za Git hazikuguswa, kwa kuwa zilikaa kwenye seva nyingine. Maoni yaliyoandikwa kati ya saa 17:20 na tukio hayakurudi, kwani hayakuwa na nakala mahali pengine popote.